Kompaila ya Madam Herieth

Madam Herieth hufundisha kompyuta shuleni kwetu Chanika, na sijawahi kuona mtu mbishi kama yeye. Mimi nafundisha historia, nimezoea mambo yaliyokwisha kupita. Yeye hakubali kwamba jambo limekwisha.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kornelio, alitangaza kwamba Ijumaa gari litakuja kuzizoa kompyuta zetu zikauzwe chuma chakavu. Zilikuwa kuukuu mno. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanafunzi yakawa maagizo yanayoeleweka na mashine, haikupatikana tena iliyo tayari na inayozifaa. Bila kompaila hakuna somo, na bila somo, alisema Mkuu, hayo ni mabati yanayokula nafasi. Herieth akaamua kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, yaani maandishi ya waliyoiunda kompaila hiyo.

Ikamgomea. Kompaila nayo hutegemea maktaba, yaani programu zilizoandikwa na wengine, na hii ilidai maktaba ya hesabu. Akaiweka. Ikadai ileile. Akaifuta, akaiweka upya. Ikasema haipo.

"Ipo, naiona kabisa," aliniambia Alhamisi, machozi yakimlenga. "Mwalimu Lusungu, hii mashine inanitania."

Nilimhurumia, lakini pia nilikuwa nimechoka, nikamwambia awaache tu wazizoe. Alifungua kumbukumbu ya makosa, orodha ambayo mashine huiandika kila inaposhindwa na ambayo siku zote alikuwa akisoma mstari wake wa mwisho tu, akaanza kuisoma kuanzia juu. Mashine ilikuwa imeandika kila mahali ilipoitafuta maktaba. Ghafla akaanza kucheka.

"Nimeificha mie mwenyewe."

Wanafunzi wetu hufuta chochote ili wapate nafasi ya kuweka nyimbo zao za singeli, kwa hiyo Herieth huweka kila kitu cha maana kwenye folda aliyoificha. Wanafunzi hawakuiona, na kompaila haikuwa na habari nayo.

"Kizuri kula na mwenzio, Madam," nilimwambia.

Akaiandikia kompaila njia ya kufika kwenye folda hiyo. Kumbe zilihitajika nyingine mbili: maktaba ya pili ikadai ya kwanza, ya tatu ikadai zote mbili, lakini sasa alijua pa kuzielekeza. Ijumaa asubuhi mistari ilikuwa bado inatiririka kwenye skrini gari lilipoingia getini.

"Muda umeisha, Madam," alisema Mkuu akiwa mlangoni.

"Naomba ukae kidogo tu, Mkuu. Inamalizia."

Akakaa shingo upande. Mistari ikakoma. Herieth akaandika programu fupi, akaipitisha kwenye kompaila, akaiendesha. Kwenye skrini yakatokea maneno: Shikamoo, Mkuu.

"Marahaba," akaitikia mzee wa watu, kabla hajajua anamwitikia nani.

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, Herieth alikuwa analia kwa furaha, na Mkuu yuko dirishani anamwambia dereva apakie madawati mabovu, aende zake.