Mashua Iliyonenepa na Ukuta wa Hester

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi, manyunyu yanaanguka na hakuna anayeyajali. Chini kabisa ya shimo la matofali, mwanamke wa miaka sabini na moja amepiga magoti juu ya kipande cha zulia kuukuu. Mkono wa kulia ameshika mwiko, wa kushoto tofali. Anapaka chokaa, analaza tofali, analigonga kwa mpini wa mwiko, anafuta kilichochuruzika pembeni. Kisha anachukua jingine.

"Desmond!" anaita bila kuinua kichwa. "Hiki ulichonishushia ni chokaa au uji wa mgonjwa?"

"Uji, bibi mkubwa. Kunywa upate nguvu," anajibu Desmond Ruck kutoka ukingoni. Alikuwa dereva wa basi kabla hajastaafu, na sauti yake bado ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Mgonjwa ni wewe. Koroga mwingine. Na punguza maji!"

Desmond anageuza toroli huku akinung'unika, na wenzake waliovaa makoti ya mvua wanamcheka.

Anayetoa amri ni Hester Pargeter, aliyekuwa mpishi wa shule ya msingi ya Hopley. Anachokijenga ni lango jipya la maji la mfereji wa Cawley: chumba kirefu chembamba chenye milango mikubwa ya mbao huku na huku. Mashua ikiingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, nayo inapanda pole pole mpaka ilingane na mfereji wa juu. Huku chini ni Cawley. Kule juu, mwendo wa saa moja kwa mashua, ni Hopley.

Ukuta anaoujenga leo ni wa kushoto. Si mara yake ya kwanza. Yeye na wenzake walishaujenga, ukachukua viangazi viwili, ukakamilika, ukapigwa picha. Halafu wakaubomoa wenyewe.

Wanakikundi hawa hawalipwi. Kila Jumamosi wanakuja na buti zao, na kila mmoja anatia pauni tatu kwenye kopo la bati kwa ajili ya chai na mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga. Yupo mwalimu, yupo fundi wa meno, wapo wastaafu wengi na mgongo mzima mmoja wa kugawana, kama asemavyo Desmond. Wamefyeka miiba, wamezoa matope, wametoa friji na baiskeli zilizotupwa na vizazi vitatu vya wanakijiji. Maji yamerudi Hopley, na mabata nao wamerudi. Limebaki lango hili tu.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa Hopley, na alijifunza kuendesha baiskeli ndani ya mfereji huo ulipokuwa mkavu. Tulidhani ni bonde tu. Wazee ndio waliokuwa wakituambia kwamba hapo palipita makaa ya mawe, na farasi waliovuta mashua kwa kamba, na wanawake waliokuwa wakioka mikate huku wameshika usukani. Tuliwasikiliza kwa adabu na hatukuwaamini hata kidogo.

Hester hakuhitaji kusimuliwa. Alizaliwa ndani ya mashua.

Mashua yenyewe inaitwa Harriet, ya mbao, ndefu na nyembamba, iliyotengenezwa kwa kipimo cha mfereji huu. Baba yake Hester, Job Pargeter, alibebea makaa. Familia nzima iliishi kwenye kijumba cha nyuma ambacho, kwa maelezo ya Hester, ukinyoosha mkono kuchukua chumvi unamtia mwenzako kidole jichoni.

"Kitanda changu mchana kilikuwa kabati," anasema. "Mama akikunja, vyombo juu. Usiku akikunjua, mimi juu. Na kaka yangu Amos miguu yake iko usoni kwangu. Ananuka farasi yule! Mpaka leo nikipita zizini namkumbuka."

Anacheka. Akikumbuka mashua, Hester huongea taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala. Anakumbuka sauti ya maji chini ya sakafu. Anakumbuka moshi wa jiko asubuhi ya baridi, na mama yake akipiga kengele ndogo kuwaonya wanaokuja kwenye kona. "Sijawahi kulala vizuri kitanda cha nchi kavu," anasema. "Kitanda kimesimama tu. Hakikubembelezi."

Alipofika miaka minane, mwaka 1962, wazazi wake waliona lazima asome. Wakamwacha Hopley kwa shangazi yake, kwenye nyumba inayotazamana na gati, mpaka Pasaka. Amos, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na tayari alishakuwa msaidizi wa baba, akabaki mashuani. Harriet ikateremka kufuata makaa.

Kisha ukaja ule msimu wa baridi ambao wazee wa huku bado wanautaja kwa kutikisa kichwa. Mfereji uliganda wiki kwa wiki. Barafu ilipoyeyuka, ukuta wa lango la zamani uliporomoka, na wenye mfereji wakaona hailipi kuujenga upya. Maji ya juu yakakauka. Baadaye barabara ikapitishwa juu ya kifusi, ndiyo maana lango jipya linajengwa kando yake. Harriet ikabaki chini, Hester akabaki juu.

"Walikuwa wanakuja Jumapili kwa basi," anasema. "Mama na baba wamevaa nguo za kanisani, wamekaa sebuleni kwa shangazi kama wageni. Mimi nawaletea chai. Mwanzo ni shule, halafu ikawa ndiyo mazoea. Nimeolewa nyumba ileile, nimefiwa na mume nyumba ileile."

Saa nne gari dogo linasimama kando ya barabara. Amos Pargeter anateremka kwa fimbo mbili, anakalishwa kwenye kiti cha kukunja ukingoni, anapewa kikombe cha chai. Ana miaka sabini na mitano na hajawahi kuhama Harriet hata siku moja. Anaishi humo peke yake, amefunga kamba Cawley. Anatazama chini, anasafisha koo.

"We mtoto! Hiyo kozi ya matofali imepinda."

"Imenyooka kuliko miguu yako!"

"Baba angekuchapa."

"Baba alikuwa anakuchapa wewe. Mimi nilikuwa mzuri. Kunywa chai yako, mzee, unatupotezea muda."

Muda ndio hawana. Januari iliyopita Amos aliteleza akitoka mashuani na kuangukia mfereji. Aliokolewa na mpita njia aliyekuwa akitembeza mbwa. Magoti yameisha, na daktari amesema wazi kwamba hawezi kupita msimu mwingine wa baridi pale peke yake. Nafasi yake imeshatengwa kwenye nyumba ya wazee mjini, chumba kinachotazama maegesho ya magari.

Amos amekubali kutoka mashuani kwa sharti moja tu: itie nanga Hopley kwanza. Pale, anasema, atalala kwa mdogo wake, na asubuhi akifungua dirisha aione. Kuna mtu mwema aliyetoa lori la kuibeba. Fundi wa mashua akaikagua na kusema ikiinuliwa tu itakatika vipande viwili. Kwa hiyo Harriet itarudi nyumbani kwa maji, au haitarudi.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya ukuta.

Kikundi kilipokuwa kikichora lango jipya, mhandisi wao, Roshni Vadgama, ambaye siku za kazi hujenga maegesho na Jumamosi hujenga mfereji, alipendekeza waongeze upana kidogo kuliko lango la zamani. Kiasi cha kiganja tu, kwa usalama. Hester alisimama katika ukumbi wa kijiji na hakukaa mpaka chai ya watu wote ikapoa.

"Nilimpelekesha yule binti wa watu," anakiri, na uso unamwiva. "Nilimwambia, mfereji huu una kipimo chake. Futi saba na inchi moja, basi. Mashua za watu wetu ziliingia hapo miaka mia na zaidi bila kukwaruza. Tukianza kupanua leo, kesho tutaweka na taa za barabarani. Wakanipigia makofi. Kura zote zikawa zangu."

Kiangazi kilichopita ukuta ulipokamilika, Roshni alitengeneza fremu ya mbao yenye upana uleule wa lango. Wakaibeba mpaka Cawley, wakitaka kuipitisha juu ya Harriet na kupiga picha ya gazeti. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, kamera mkononi. Fremu ilipita omo, ncha ya mbele, bila shida. Ilipofika katikati, ikakwama.

Wakaisukuma. Wakaitoa, wakaigeuza, wakajaribu tena. Kila mtu akaanza kuitazama fremu kwa lawama. Roshni akachukua futi, akapima fremu: sawasawa. Akapima mashua. Akapima mara ya pili, halafu akamtazama Hester.

Mashua za mbao, zikizeeka, hufunguka tumboni. Amos aliishi ndani yake maisha yote na hakuliona hilo, kama vile mtu asivyomwona mkewe akinenepa. Harriet ilikuwa imeongezeka vidole vitatu. Kiganja alichokiomba Roshni kingetosha na kubaki.

"Kabeba makaa miaka yote ile," alisema Amos siku hiyo, akiipapasa ubavuni. "Nyonga lazima zipanuke. Hata wewe Hester hukuwa hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja aliuliza kama haiwezi kubanwa kwa minyororo, kama walivyokuwa wakifanya zamani. Amos akatikisa kichwa. "Kwa ujana wake, sawa. Sasa hivi ukimbana anapasuka. Mwacheni. Mmejenga vizuri, lango ni zuri, mashua nyingine zitapita." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Hester hakulala usiku huo. Kwa miaka sitini alikuwa ameikumbuka Harriet ikipita pale kama kisu alani mwake, na kwa kumbukumbu hiyo alikuwa amemfungia kaka yake mlango, tofali kwa tofali, kwa mkono wake mwenyewe.

Juma lililofuata alisimama tena katika ukumbi uleule. "Nikasema nimekosea. Sijawahi kusema hivyo mle ndani, muulize yeyote. Nikasema ukuta ule wa kushoto ni wangu, nitaubomoa mwenyewe, sitaki msaada. Naomba ruhusa tu."

Si wote waliopendezwa. Wapo waliosema viangazi viwili vya maisha yao haviwezi kutupwa kwa sababu ya mashua moja na mzee mmoja. Watu watatu waliondoka na mpaka leo hawajarudi, na Hester akikutana nao dukani huinamisha kichwa. "Wana haki yao," anasema. "Mimi ningekuwa wao, ningetukana."

Siku hiyo ukumbini, wote wakamgeukia Roshni. Kama kulikuwa na mtu mwenye haki ya kusema 'niliwaambia', ni yeye. Akaweka kikombe chini.

"Bi Hester, Jumamosi tunaanza saa ngapi?" akauliza.

Walikuja kumi na wanne, kila mtu na nyundo na tindo. Desmond, ambaye kwa viangazi viwili alilalamika kwamba chokaa inachelewa kukauka na saruji ingewarahisishia, aligundua kwamba matofali yaliyounganishwa kwa chokaa yanabanduka mazima. Waliyakwangua moja moja, wakayapanga upya kando. Ni hayohayo Hester anayoyalaza leo, kiganja kizima nyuma ya pale yalipokuwa.

"Nayajua," anasema akigeuza moja. "Hili nililikata vibaya pembeni. Nilidhani halitaonwa na mtu tena."

Mchana manyunyu yanakatika. Roshni anashuka ngazini na pimamaji, anaiweka ukutani, anakodoa macho kuangalia kiputo cha hewa ndani yake, anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Zimebaki kozi chache. Milango ya mwaloni imeshaongezwa upana na seremala na inangoja chini ya turubai. Kikundi kimepanga Harriet ipite Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, kabla baridi haijaingia.

Roshni ameshapanga kila kitu. Bendi ya shule itapiga hapa langoni. Amos atashika usukani, Desmond amsaidie. Hester atasimama omoni, mbele kabisa, awe wa kwanza kupita kati ya kuta alizozijenga mwenyewe.

"Sipandi," anasema Hester.

Roshni anadhani amesikia vibaya. "Bi Hester, yaani siku yako hii! Hutaki kuona inavyopita?"

"Itapita. Umepima wewe, itapita."

"Basi utakaa wapi? Na bendi?"

"Bendi ipige. Mimi nitakuwa nyumbani, gatini."

Mwandishi wa makala haya anamuuliza kwa nini, baada ya kazi yote hii, akose kuishuhudia. Hester anauchomeka mwiko kwenye ndoo, anajifuta mikono kwenye aproni. Anatazama juu, kule Amos aliposinzia kwenye kiti chake cha kukunja, kikombe kimelala kifuani. Macho yake yamejaa maji na hayafichi.

"Mama alinisimamisha pale gatini," anasema. "Akanifunga vifungo vya koti. Akaniambia, 'Kaa hapahapa, mwanangu. Tutakuja kukuchukua.' Sasa wakija, wanikute wapi?"