Moyo wa Mfano

Chama cha Kupambana na Maradhi ya Moyo kinapenda kuukumbusha umma, kama kinavyoukumbusha kila mwaka, kuwa moyo wenye afya husikika hivi.

Kisha Mama Spika hubonyeza swichi, na mumewe huanza kupiga.

Chama kilipoanzishwa kilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la viatu, mizani, na gari bovu. Waasisi walitaka sauti ya moyo wa kufundishia. Dereva wa gari hilo alikuwa karibu, hana kazi, wakamvua shati, wakaurekodi moyo wake kwenye mkanda. Mkanda ukazunguka ukumbi kwa ukumbi, wauguzi wakajifunzia, ukawazika waasisi mmoja mmoja. Ukamzika na dereva. Mjane wake akapewa kazi ya kutunza spika, na hajawahi kuizima kwa mkono wake. Huuacha mkanda uishe wenyewe.

"Mimi si wa kumzima mtu," husema, na watu hucheka.

Mwaka huu daktari mgeni, binti mpole, alikuja kukagua vifaa. Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vilitetemeka kidogo kwa kila pigo.

"Mama, huyu ni nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Pole. Baada ya kila pigo kuna mnong'ono. Valvu haifungi vizuri. Hakuna aliyemwambia?"

"Alirekodiwa na daktari, mwanangu."

"Basi alikuwa anasikiliza mashine."

Mama Spika aliujua ule mnong'ono. Miaka yote alilala nao sikioni, akidhani ndivyo wanaume walivyo.

Katibu alipoambiwa, alipangusa miwani. "Mkanda uteketezwe."

"Nipe mimi, baba. Sina sauti yake nyingine."

"Mali ya chama haigawiwi, mama." Kisha akafikiri, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Ila tukiuondoa watauliza kwa nini. Uendelee kupigwa. Tufunike kombe."

Hivyo Mama Spika akabaki na mumewe. Siku ya maadhimisho ukumbi ulifurika. Mkanda ukipiga, wauguzi walipita na vipimo vya moyo masikioni, wakilinganisha. Mmoja akasimama kwa mwashi mwenye vumbi la saruji shingoni, akasikiliza, akatabasamu.

"Hongera, baba. Wako na wa mfano, kulwa na doto."

Mama Spika akanyoosha mkono, akazima.

Kimya kile kilimfanya kila mtu ajishike kifua.

"Mama, kulikoni?" akanong'ona katibu.

"Amechoka." Akamgeukia mwashi. "Wewe, baba, nenda hospitali. Leo."

Siku dereva alipofia kwenye usukani, nje ya ukumbi huohuo, mkanda ulipiga mpaka mwisho.