Fimbo ya Shaba Kando ya Kaburi

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke wa kanisa, wa kuanzisha nyimbo, na alinifukuza kwake kwa kutumia friji. Nikisema hivyo watu hucheka. Huwa nawaacha wacheke kwanza, halafu naendelea.

Nilitoka Kitale nikaolewa nje kidogo ya Bungoma mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, stima ilipokuwa ikiingia boma moja moja. Baba mkwe alikuwa amezikwa kando ya nyumba, upande wa jikoni, kama tunavyozika huku. Fundi alipomaliza kuvuta nyaya zake alichukua fimbo ndefu ya shaba, akatafuta mahali penye udongo laini wenye unyevu, akaipigilia ardhini na kuifunga na waya wa kijani uliotoka ndani ya nyumba. Mafundi huiita erthi. Alitueleza kwamba stima ikipotea njia ndani ya chombo, hupita hapo ikaenda udongoni badala ya kumpitia mtu. Sasa huo udongo laini ulikuwa hapo hapo karibu na kaburi la mzee.

Mama mkwe alirudi kutoka soko la Cheptais, akaiona ile fimbo, akaketi chini akalia kama siku ya matanga. Ati tumempigilia mzee msumari. Ati tungemtoboa akiwa hai basi. Mume wangu, karani mzima wa serikali, mtu wa tai, akachukua jembe akaing'oa, na waya akaukata kwa kisu cha sukuma wiki. Nilimsihi tumwite fundi aihamishie upande mwingine. Akaniambia nisimfundishe mambo ya kwao. Fimbo ikatupwa stoo, na taa zikaendelea kuwaka vizuri, kwa hiyo nikaonekana mjinga.

Friji tuliinunua Lwakhakha kwa mtu aliyekuwa akihama, tayari kuukuu. Ilikaa sebuleni ikiwa imevikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, wageni waione. Na sakafu ya sebule hiyo ilikuwa ya simenti nyekundu, ya kung'arishwa kwa nta, ambayo mama mkwe aliipenda kuliko wakaza wana wake wote. Viatu vya nje vilikomea mlangoni. Yeye na watoto wake walikuwa na slipa za mpira za kuvaa ndani. Mkaza mwana alitembea miguu mitupu, ndiyo heshima. Nilikuwa nikipiga deki asubuhi, kisha kwa miguu ile ile iliyolowa naenda kutoa maziwa ya chai.

Siku friji iliponipiga mara ya kwanza nilidhani mkono umekatika. Nilianguka na jagi. Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale kitini akinitazama, akauliza kama maziwa yote yamemwagika.

Ikanipiga tena, na tena. Wao wote walifungua na kufunga bila shida. Basi maneno yakaanza, kwanza jikoni, halafu kanisani, halafu kwa majirani: mzee amemkataa huyu wa Kitale. Ana jambo alilokuja nalo. Nilianza kuogopa nyumba yangu mwenyewe, na la kunikera zaidi mpaka leo ni kwamba nilianza kuamini. Nilikuwa nasimama kando ya kaburi nikimwomba msamaha mtu ambaye sikuwahi hata kumpikia.

Wakaitisha kikao. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyesimamia. Mama mkwe akashika mlango wa friji, akauachilia. Wifi zangu wakashika, mmoja baada ya mwingine, wakiwa na slipa zao. Nikaambiwa nishike. Nilimwangalia mume wangu aseme neno, naye akaangalia saa yake. Nikashika. Nilipofumbua macho jino moja lilikuwa limevunjikia kwenye meza na wao walikuwa wanaimba. Nikapewa begi langu. Binti yetu, ambaye hata shule ya nasari alikuwa hajaanza, akabaki, kwa kuwa ng'ombe za mahari zilikuwa zimetolewa na mtoto ni wa boma.

Kitale nilipata kazi kwa mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la maziwa karibu na msikiti. Mwaka uliofuata friji ya duka ikanipiga. Nililia, si kwa maumivu, nililia kwa sababu niliona mzee amenifuata hadi pale. Yule mama akashangaa, akaita fundi. Fundi akazunguka nyuma ya duka, akakuta waya wa erthi umeoza na kukatika, akafunga mwingine, akaniambia nishike. Nikashika, na hakuna kilichotokea. Hakuna aliyeomba wala kuimba. Niliketi juu ya kreti nikahisi hasira ambayo sijawahi kuihisi tena.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Bungoma. Niliwakuta wakinywa chai, mume wangu, mama yake, wifi zangu na yule baba mdogo. Nilieleza yote: fimbo, waya, maji, miguu mitupu. Nikasema nimekuja kumchukua mtoto, kwani hiyo friji itamuua. Wifi mdogo akaniuliza nimesomea stima lini, bana, wakacheka. Mume wangu akasema hayo yaliisha.

Mama mkwe akamwita mjukuu wake alete maziwa. Mtoto akaja mbio kutoka nje. Na yule bibi, huku akimimina chai, bila hata kugeuka, akasema:

"Vaa slipa kwanza, mama. Hiyo kitu itakupiga."

Mtoto akavaa, akaleta maziwa, akayaweka mezani.

Nikamuuliza mama mkwe alijua tangu lini. Hakuona aibu hata kidogo. Akasema ilimpiga yeye wa kwanza, siku nilipokuwa nimekwenda mtoni, na ndipo akanunua slipa za nyumba nzima. Nyumba nzima, isipokuwa mimi. Mkuki kwa nguruwe.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Huyu ni damu yetu."

Mume wangu akavuta kikombe chake, akasema maziwa yanatosha.

Nikasimama, nikamnyoshea binti yangu mkono, nikamwambia twende kwetu. Aliutazama mkono huo, akaficha yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Kukhu alisema nikikushika utanipiga," akasema.

Kukhu ni bibi yake. Nilimbeba hivyo hivyo, na hakuna aliyeinuka kunizuia. Alipiga mayowe uwanja mzima mpaka barabarani, amekaza mwili, amefumba macho, akingoja nimpige.