Mpini wa Mpwa Wangu

Mjomba mtu alikuwa seremala wa mipini ya majembe. Mpini wa bastola hakuwahi kuugusa, lakini askari aliyesimama karakanani alikuwa binti, mpwa wake, na akifeli tena mtihani wa shabaha atahamishiwa ofisini.

"Mpini ni mnene, mjomba. Mkono unateleza."

Seremala alimpa donge la nta. "Libane kama unavyobana bastola."

Alama za vidole zilitoka hafifu, kama za mtu aliyeshika yai. Seremala aliligeuzageuza donge dirishani. "Hata uwanjani unashika hivi?"

"Sijui. Kule mkufunzi ananifokea."

Basi akampa donge jingine, akamfokea: "Wewe, unalenga shabaha au unafukuza kunguru?"

Binti alicheka, ila vidole vilizama, na kidole cha mwisho kilizama kuliko vyote. Kumbe ndicho kilichokuwa kikivuta mdomo wa bastola chini.

Seremala akachonga mpini mpya, mwembamba na mfupi, ili kidole kile kikunjwe chini yake, kikose pa kubana.

Ijumaa, baada ya mtihani, mpwa alirudi mbio. "Nimefaulu, mjomba."

"Na kile kidole?"

"Kilikaa kimya kama mgeni."

Seremala akatabasamu, akaomba auone tena mkono wa binti, akikague kidole kile.