Kamba Aliyoipeleka Raila

Saa nne asubuhi, Musau anavuta kamba, anaikagua, kisha anaikagua tena. Watoto wa darasa la hesabu kutoka Kibera wanaangua kicheko.

"Huyu buda anaogopa kamba!"

Wacha wacheke, hawayajui aliyoyaona.

Musau, 41, hushika kamba katika ukumbi wa kukwea kuta huko Kawangware. Mtoto akiteleza, yeye ndiye humzuia asifike chini. Leo Mwalimu Seline ameleta darasa lake kupima urefu wa ukuta na kukokotoa uzito ambao kamba inaweza kubeba. Tangu Musau aone jina la Shiru Gikonyo kwenye orodha, hajapata usingizi.

Miaka sita iliyopita, yeye na Gikonyo, babake Shiru, walikuwa vibarua wa mjengo. Ndoo za zege zilipandishwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Saa ya chakula vijana walikwepa ngazi, wakashushwa kwa kamba hiyohiyo. Ndoo ni mzunguko mmoja wa kamba nguzoni, mtu ni miwili. Kila mtu pale alijua.

"Siku ya Gikonyo njaa ilikuwa inaniuma. Nikazungusha mara moja tu," anaambia gazeti hili, macho sakafuni. "Kamba ikanitoroka."

Gikonyo alianguka kutoka ghorofa ya nne. Msimamizi akamwambia mjane, Rahab, kwamba kamba ilikatika. Musau akanyamaza. Yeye ndiye aliyempelekea zana za marehemu nyumbani, mtaa wa Raila huko Kibera, na kwa kuchanganyikiwa, jamani, akazifunga kwa kamba ileile. Hajakanyaga tena kwa Rahab.

Shiru, mwenye miaka kumi na mitatu, anafika juu, anagonga kengele, anashushwa polepole. Musau ameishika kamba kwa mikono yote miwili. Akishafika chini, msichana anafungua daftari.

"Mwalimu, hii nyembamba inabeba tani mbili. Baba alikuwa kilo sabini, na kamba yao ni nene. Ilikatikaje?"

"Pengine ilikuwa imechakaa, Shiru."

"Hapana. Ile ya mjengo iliyofunga zana zake, Mama huanikia nguo. Niliipima juzi, ile homework yako. Mita ishirini na tano, nzima. Haina hata fundo."

Musau anainama kumfungulia msichana mkanda, na anachukua muda mrefu kuliko kawaida.

"Jumapili naenda Raila kwa Rahab," anasema baadaye. "Akinifukuza, ni haki yake. Lakini yule mtoto amekaribia kupata jibu. Heri alisikie kwangu."

Ameomba gazeti lisichapishe habari hii kabla hajarudi.