Shangingi Langu na Jicho la Baba Mkwe

Gari langu hupiga magoti. Jioni naliacha limesimama wima mbele ya nyumba, asubuhi nalikuta tumbo limekaribia ardhi kama ng'ombe aliyeshiba. Halina springi za chuma kama magari ya watu wenye akili timamu; linakaa juu ya mifuko ya upepo, na mifuko yenyewe imezeeka. Nikiliwasha, pampu iliyo chini ya zulia la buti inaanza kunguruma, gari linainuka taratibu, nyuma kwanza kisha mbele, na majirani zangu hapa Tunduma wanasimama na ndoo zao kutazama. Wengine wanadhani ndivyo yanavyoamka magari ya wakubwa. Sijawahi kuwasahihisha.

Nililipata kwa dalali mmoja wa pale mpakani, mtu anayemwita kila mwanamke bamayo, yaani mama, kama wanavyoitana wateja wake Wazambia. "Bamayo, hili lilikuwa la mheshimiwa," aliniambia. "Viti ngozi tupu. Hata paa lina dirisha." Bei ilikuwa chini ya bei ya vile vigari vidogo vinavyopeleka watoto shule, na hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti, nimeshika usukani, najiona nashuka Kamsamba kufuata mchele wangu wa biashara kama mtu anayekwenda kukagua miradi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na magari anayajua, alilizunguka mara moja tu, akaniuliza kama nimepata mwanamume mwingine wa kulihudumia.

Kulihudumia ndiko kunakotaka moyo. Taa ya injini imekataa kuzimika, nimeifunika kwa plasta ya kidonda ili isinitie presha. Dirisha la paa linavuja, kwa hiyo masika abiria wa mbele anasafiri na sufuria mapajani. Kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kina mtambo wa kupasha joto makalio ambao nao haujui kuzimika. Siku niliyompakia mfanyabiashara mwenzangu kutoka Kamsamba, na joto la kule mnalijua, alivumilia kidogo, akaomba akae nyuma na magunia. Fundi wangu wa pale Mpemba, mji mdogo jirani, anatoa spea kwenye shangingi jingine la aina hiyo lililokufa nyuma ya banda lake, na kila nikifika ananipokea kwa sauti ya kutoa pole ya msiba. Ni yeye aliyenifundisha kwamba pampu ikigoma inataka kugongwa. Nyundo itaipasua, akasema, tafuta kitu cha mbao. Ndiyo maana natembea na mwiko wa ugali kwenye gari.

Sasa nieleze habari ya baba mkwe. Yeye anaishi huko milimani Ileje, kwenye kahawa yake, na katika ukoo wao mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Nikisikia kikohozi chake njiani, naacha njia naingia kwenye migomba mpaka apite. Siku hizi wengi wameliacha jambo hili, wanasalimiana tu kama watu wengine. Baba mkwe, pamoja na kuwa mzee wa kanisa, hakuliacha, na mimi sikutaka kuwa wa kumwachisha. Tangu niolewe, maneno yake yote kwangu yalikuwa yanaanza na "mwambie", na anayeambiwa aniambie ni mama mkwe, hata kama nimesimama nyuma ya mlango nasikia kila kitu.

Jicho lake moja lilikufa zamani. Lile la pili likaanza kuingia ukungu, hadi akawa anamimina chai pembeni ya kikombe. Madaktari wa macho walikuja kwa siku chache hospitali moja ya huku Mbozi, na taarifa ilimfikia zikiwa zimebaki siku za mwisho. Wakiondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kijijini kwao na Hiace zilikuwa hazifiki. Mume wangu alikuwa amekwama upande wa Zambia kwenye foleni ya malori. Gari lenye uwezo wa kupanda kule lilikuwa langu, na dereva anayeyajua madeko yake nilikuwa mimi.

Familia ililijadili jambo hilo kwa simu mpaka vocha zikaisha. Mwisho mzee mwenyewe akatoa hukumu. "Mimi sioni," alisema. "Kama simwoni, sijamwona. Mwambie aje."

Nikaenda. Kioo cha kati nilikigeuzia darini, nikatundika kanga ya mama mkwe kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nikatazama mbele kama farasi aliyezibwa macho pembeni. Mzee aliingia kwa kupapasa na, kwa bahati, akakalia kile kiti cha joto. Kule kwao asubuhi ni baridi ya kukata mifupa. Akamwambia mkewe, "Mwambie kiti chake kina jua." Alipapasa ngozi, akapapasa mlango, akanusa. "Mwambie gari zuri. La mwaka huu?"

"Anauliza kama ni la mwaka huu," mama mkwe akanifikishia.

"Mama, mwambie si la zamani sana," nikasema, na Mungu anisamehe.

Kwenye mteremko wenye tope pampu iligoma, gari likakaa chini. Nilishuka na mwiko, nikafungua buti, nikaanza kugonga. "Anapika?" mzee akauliza. Mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiuangalia ule mwiko kwa kuridhika, akajibu kwamba mkwe wao ni mwanamke anayejua kujiandaa. Pampu ilikohoa, ikanguruma, tukainuka. Pale Mpemba malori yalikuwa yameziba njia, nikapita pembeni kwenye majani na mashimo, nimekunja uso, nalisifia gari kimoyomoyo na kulitukana kwa zamu. Tulifika muuguzi akiwa anakusanya viti. Alimtazama mzee, akatutazama sisi na matope yetu, akakikunjua kiti kimoja.

Alipasuliwa jicho siku hiyohiyo, na kesho yake walimfungua bandeji. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji, lakini nilimsikia akisoma kwa sauti bango la ukutani, kila neno, hata yale ya kukataza kutema mate. Machozi yalinitoka palepale. Kisha mama mkwe akanifuata na uso wa wasiwasi. "Baba yako anaona," alisema. "Sasa tunarudije?"

Hilo hatukuwa tumeliwaza, sote na akili zetu.

Mzee alilimaliza mwenyewe. Akavaa miwani myeusi aliyopewa, akajitanda kitenge cha mkewe kichwani mpaka kidevuni, akashikwa mkono kuingizwa garini kama jana. Hakusifia kiti. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda, nilimsikia akiuliza kwa sauti ndogo, "Tumefika wapi?" Mama mkwe akamtajia. Akauliza kama kahawa imeshaanza kuwa nyekundu. Hapo roho iliniuma sana. Mtu amerudishiwa jicho, na anapitishwa kwao amefunikwa kitambaa kwa sababu yangu.

Penye kona ambapo milima yao yote inaonekana kwa pamoja, nikasimamisha gari. "Mama, mwambie baba pampu imechoka, inataka kupumzika," nikasema. "Mimi nakaa huku nyuma." Nikachukua mwiko wangu, nikafungua buti, nikaenda kuchutama kando ya njia na uso kwenye mahindi ya watu.

Mlango ulifunguka. Nilimsikia mzee akishuka na kujifunua kitenge. Kisha akaanza kutaja: bati la kanisa, mparachichi wa kaka yake, moshi wa jiko la fulani. Mama mkwe alikuwa anaitikia kila kimoja. Baadaye nikasikia hatua zikilizunguka gari polepole, zikisimama kwenye mlango wenye rangi tofauti, zikisimama kwenye taa iliyofungwa kwa waya. Gari nalo likachagua wakati huohuo kupumua na kupiga magoti.

"Mwanangu," akasema.

Nilingoja mama mkwe aambiwe. Hakuambiwa mtu.

"Hili gari limechoka kuliko mimi."

"Ndiyo, baba," nikayajibu mahindi.

Hatua zilikuja mpaka kwenye buti. "Huo mwiko uko wapi?"

Nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaupokea, na nikamsikia akigonga.