Kigurudumu cha Dripu Alichokigusa Shemeji

Mie ni Salum, seremala wa Keko. Nilikuwa nabeba mlango wa mninga begani peke yangu. Presha walishaniambia ninayo. Nikapewa vidonge, nikapata nafuu, nikaacha.

Siku moja niko kwenye randa, kichwa kikaanza kugonga kama mtu anapigilia misumari kwa ndani. Damu ikatoka puani, ikadondokea ubao. Kila mtu nikawa namwona wawili. Mafundi wenzangu na mke wangu Mwanaidi wakanikimbiza hospitali.

Daktari akapima, akakuta presha iko juu mno. Akaagiza dawa ya kushusha presha ipite mshipani kwa dripu. Akamwambia Mwanaidi, nami nasikia, "Mama, hii tunaishusha polepole. Ikishuka ghafla, damu haifiki kwenye ubongo."

Sista Rehema akatundika dripu, akahesabu matone kwa saa yake, akaondoka. Alitakiwa awe anarudi kunipima. Hakurudi. Mwanaidi naye akatumwa maabara kufuata majibu ya damu.

Muda wa kuona wagonjwa akaingia shemeji yangu Zuhura, mdogo wake Mwanaidi, na uji kwenye chupa. Akaitazama dripu. Huku kwetu kila mtu ameshawekewaga dripu ya malaria, basi kila mtu daktari. Akacheka.

"Shemeji, kwa mwendo huu utalala hapa mpaka Idi. Ngoja nikusogezee, iishe unywe uji."

Akasukuma kile kigurudumu cha kwenye mpira wa dripu, kinachoongeza na kupunguza matone. Mie sina hata nguvu ya kumbishia.

Matone yakawa mchirizi. Nikasikia baridi mpaka kwenye meno, jasho linanitoka. Dari ikasogea mbali. Sauti ya Zuhura ikawa kama inatoka ndani ya pipa. Nikajikojolea, mtu mzima mie, mbele ya shemeji yangu. Halafu macho yakazima.

Nilipozinduka, miguu imeinuliwa juu ya mito, dripu ile imefungwa, inaingia nyingine ya maji. Daktari akauliza taratibu, "Nani amegusa hapa?"

Zuhura akatazama uji wake. Sista Rehema akasema ndugu wa wagonjwa wasumbufu. Kwamba yeye hakurudi, hakusema.

Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa. Nimeminya kimpira cha mazoezi, nimejifunza kushika kikombe kama mtoto, mpaka vidole vikarudi. Leo nashika randa, ila msumari mdogo bado unaniponyoka.

Na Zuhura anawasimulia majirani kwamba yeye ndiye aliyeniokoa, maana ndiye aliyepiga kelele. Kelele alipiga, kweli.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Mwanaidi aliyeniogesha. Nyie mnaosoma, vidonge msiache eti kichwa kimepoa. Mkiwekewa dawa ya presha mshipani, muulizeni sista inatakiwa iende vipi, na asiporudi mfuateni. Ndugu akija na uji, pokeeni uji. Mikono yake aikalie.